Elfu Tatu na Mia Tisa

Diski ilifika imefungwa ndani ya soksi ya sufu.
Vazha, mwongozaji, hakuwa na bahasha,
na toka Chiatura hadi hapa Tbilisi ni saa nne za basi
kwenye barabara isiyomhurumia mtu.
"Picha ipo, sauti ipo," aliandika. "Wewe zioanishe tu."
Hiyo *tu* yake naijua. Imeshanikondesha.

Nikafungua mradi mpya. Fremu ishirini na tano.
Nikaivuta picha, ikaja, video moja ndefu,
ikajinyoosha juu kabisa ya kioo
kama mgeni aliyepewa kitanda cha mwenye nyumba.
Kisha sauti, faili baada ya faili,
alizonasa kwa kinasa cha kuazima:
upepo, waya wa chuma, mlango usiofungika,
na Bibi Tsiala, aliyeendesha gari la waya
hewani, juu ya bonde la manganizi,
miaka thelathini na mmoja.

Programu ikauliza: *Niziache zilivyo, au nizibadili?*
Dirisha dogo la kijivu, vitufe viwili.
Mkate ulikuwa bado moto mkononi.
Nikabonyeza *Ziache*, kama mtu anayeitikia salamu.

Vazha hana ubao; hupiga kofi mbele ya kamera.
Nikalilaza kofi la sauti juu ya kofi la picha.
Pa. Moja.
Kwa sekunde moja walikuwa mtu na kivuli chake.
Ya pili, midomo ikaanza kuchelewa.
Kufika dakika, bibi amekwisha kusema yake, kimya,
na kwenye picha bado anayatafuna maneno,
anainua kidole, anamkaripia mtu
kwa ukali usiosikika.
Sauti na sura haviivi chungu kimoja.

Hapo ndipo alipoingia Lamara, bintiye,
akihema ingawa alipanda lifti
(lifti yetu haiendi bila sarafu, na huenda ikitaka).
Alikuja kunitajia majina ya vituo, niyaandike sawasawa.
Koti jeusi. Arobaini ya mama ilikuwa haijatimia.
Nikataka kuzima. Akanishika mkono.

Ilikuwa sauti nyepesi, ya mbio kidogo, imepanda
kama ndoo inayokaribia mdomo wa kisima.
"Huyo," alisema, "ni mama wa kabla ya vumbi.
Ndivyo alivyoniita nikiwa darasa la pili,
yeye juu kule, mimi chini na viatu vya kaka.
Wewe umempata wapi?"

Sikumpata. Nilikosea.
Nikamweleza: kinasa kilihesabu sampuli
elfu arobaini na nne na mia moja kila sekunde,
mradi wangu unahesabu elfu arobaini na nane,
na mashine, kwa kuwa niliiambia iache,
ikasoma mbio kama mtoto anayetaka kwenda kucheza.
Nikafuta. Nikaingiza upya. Safari hii nilisoma swali.

Akarudi Tsiala wa mwaka jana, mzito,
kikohozi kikikaa mahali pa nukta.
Mdomo ukafunguka, neno likatoka humo humo.
Hakuna kilichopungua. Lamara akatazama dirishani.
Huko chini mtu alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari,
naye hakuwa na kosa lolote la ulinganifu.

"Ni kiasi gani," akauliza, "kati ya yule na huyu?"
Yeye ni mhasibu wa soko la mboga; hapendi makisio.
Elfu tatu na mia tisa, nikamwambia.
Akaandika kwenye karatasi ya mkate, akapiga mstari chini.
"Kwa siku?"

Kwa sekunde.

Akatoa sarafu ya lifti, akaishika. Hakuinuka.