Kabla Hajaitwa

Nilikuwa nasaka dhahabu, si historia.
Maji ya Yala magotini, karai mkononi,
mchanga unazunguka, unazunguka,
na chini ya ule mweusi tunaouamini kuliko benki
kitu kikabisha: ko.

Si jiwe. Jiwe lina kiburi chake.
Hiki kilikuwa chepesi kama mkate uliokauka,
chekundu mgongoni, cheusi tumboni,
miguu mitatu na kovu la wa nne,
pembe moja. Au sikio. Au mkono ulioinuliwa.
Nikakifunga kwenye pindo la leso pamoja na hela ya unga.

Shitandi, anayepima dhahabu yetu kwa njiti ya kiberiti,
alikipima kiganjani, akacheka puani:
"Elfu mbili, Khavere, na usiulize kinakokwenda."
Nikajua kina thamani. Shitandi hajawahi
kukosea kwa hasara yake mwenyewe.

Mhubiri Lihanda akasema ni sanamu, kichomwe.
Mtumishi, nikamwambia, kimeshachomwa,
tazama rangi, moto ulikipitia kabla ya babu yako.
Hakucheka.

Mwalimu Imbuhila akasema ni fahali wa kupigana.
Yeye anafuga fahali; hata wingu kwake lina pembe.

Mama mkwe akasema ni mwanamke mwenye mimba,
wa kufukiwa mlangoni kwa asiyezaa,
akaitazama kanga yangu, hapa tumboni,
mimi wa mtoto mmoja,
akaendelea kuchambua mboga.

Vijana wa mgodi wakasema kinalinda shimo.
Siku tatu hakushuka mtu.
Ya nne njaa ikamshinda mzimu.

Ndipo akaja Bwana Odera kutoka Kisumu, mtu wa makumbusho,
na sanduku la pamba, na brashi ndogo
kama ya kupaka kucha.
Alikipima urefu, alikipima kimo, alikinusa.
Udongo ni wa hapahapa, wa kinamasi kile.
Labda miaka mia mbili. Labda mia tano.
Matumizi hayajulikani.
Aliandika "labda" kwa wino usiofutika.

Mideva wangu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja,
anatafuna muwa. Nami nishike, akasema.
Bwana Odera akamvisha glavu; ikaanguka, kubwa mno.
Basi akakishika hivyo hivyo, mkono mtupu,
akakigeuza, akakuta kishimo ubavuni
ambacho sote tulikiona tukakiita kasoro,
akatia kidole gumba.

Kikaenea.

Changu hakikuenea. Cha Bwana Odera hakikuenea.
Wala cha mhubiri, aliyejaribu
akidhani hatumwoni.

"Alimshika hivi," akasema Mideva, "asianguke,
amwekee pembe ya pili. Halafu mama yake akamwita."
Akamwita kwa nini?
"Akateke maji."
Akarudia muwa wake.

Bwana Odera alivua miwani, akainamisha taa,
na mle ndani ya kishimo, vimistari,
vyembamba kama uzi wa buibui, vinazunguka.
"Miaka minane," akasema. "Tisa."
Safari hii hakusema labda.

Usiku nilimwona yule mwingine:
vyungu vya mama yake vimepangwa, nyasi zimewashwa,
naye ananyata, anakichomeka katikati ya vyungu
kitu chake cha pembe moja,
analala bila kulala.

Kwenye fomu: Jina la kitu, ng'ombe.
Mtengenezaji, hajulikani.
Mwokotaji, atie sahihi.
Mimi najua kuandika, nilifika kidato cha pili.
Lakini nilichovya gumba kwenye wino wa zambarau
nikaligandamiza palepale, juu ya "hajulikani."

Gari lilipoondoka jua lilikuwa limekwisha
na ndani hamna hata tone.
Nikafungua mdomo nimwite Mideva.
Alikuwa amechuchumaa ukingoni, tope hadi viwiko,
ulimi umetoka pembeni.

Nikabeba dumu mwenyewe.