Ufunguo wa Tatu

Nyundo yetu ina herufi mbili usoni na namba ya kijiji.
Gogo lisilogongwa haliteremki Uru kwenda Moshi.
Hiyo ndiyo sheria yote; mengine ni maelezo.

Nyundo hulala ndani ya sanduku la bati,
na sanduku lina kufuli tatu:
moja ya mwenyekiti, Elingaya,
moja ya Kundaeli, mweka hazina.
Ufunguo wa tatu nimeuvaa mimi, shingoni, chini ya kanga,
pamoja na rozari.

Mnashangaa? Nami nilishangaa.
Siku ile ya kwanza, kwenye ukumbi wa parokia,
ni mimi niliyesimama nikasema
kampuni ya kijiji italiwa na kijiji,
mpaka maganda.
Wakacheka. Halafu mtu wa nyuma akasema,
"Basi ufunguo apewe asiyetuamini."
Mikono ikanyooshwa. Hata wangu.

Msaada ulifika mwezi wa sita.
Ulifika na fulana, na soda, na mashine ya kupasua mbao,
na kijana mpole aliyetufundisha siku tatu
maneno "mnyororo wa thamani".
Mnyororo sisi tuliujua wa mbwa.
Mwezi wa nane mashine ikakata mkanda.
Mkanda unauzwa Arusha, laki tatu na nusu;
kwenye fomu ya msaada kuna mstari wa mashine,
mstari wa mkanda hakuna.
Wiki saba. Kuku wakataga chini ya msumeno.
Ndipo Kundaeli akafungua ukurasa mpya,
akaandika kwa wino mwekundu: MKANDA,
na tangu hapo kila ubao unaouzwa
huacha shilingi mia mbili kwenye ukurasa ule,
kama mgeni avuaye viatu mlangoni.

Bwana Shitindi wa misitu hupanda kwa pikipiki.
Anahesabu visiki. Hahesabu maneno.
Nampendea hilo.
Juu ya mfereji alikuta visiki arobaini na kimoja.
Daftari lilisema thelathini na sita.

Miringaringa mitatu, miruka miwili,
usiku, bila nyundo, kwa Fuso isiyo na taa za nyuma.
Tulijua kabla ya kujua:
Ndesario, mtoto wa mwenyekiti,
alikuwa ameezeka upya.

Mkutano ulianza saa nne. Mvua ikatukuta tumekaa.
Elingaya akainuka kwenye kiti chake,
akaja kukaa kwenye benchi letu,
akamwita mwanawe kwa jina la babu.
Kijana alishika jani la sale kwa mikono miwili.
Huku kwetu sale halikataliwi;
hata aliyemwaga damu, akija nalo, unafungua mlango.
Tukalipokea. Wanawake wawili walilia.
Nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri:
"Jani tumelipokea. Lakini daftari halijui kusoma majani."

Kimya. Mvua juu ya bati.

Elingaya mwenyewe akaomba kalamu.
Akaandika: miti mitano, bei ya soko, faini mara mbili,
miezi kumi na minne,
kutoka kahawa ya baba na maziwa ya mama.
Aliandika polepole, kama mtu anayechimba.
Kisha akauvua ufunguo wake, akauweka mezani.

Tulibishana mpaka jioni: arudishiwe, asirudishiwe.
Ishirini na tisa kwa ishirini na saba.
Kura yangu ilikwenda wapi, sisemi.

Leo alfajiri tumefungua sanduku, watu watatu.
Nyundo imetoka baridi kama jiwe la mtoni.
Gogo la kwanza nimeligonga mimi:
alama imekaa, utomvu ukaizunguka.

Bado siwaamini.
Ndiyo maana nimewahi kufika.