Kasiba na Kipimo

Nimekifunga kifaa chini ya kasiba
kwa mikanda miwili ya turubai.
Ulimi mweusi wa plastiki umechomoza mbele
kama bayoneti isiyokusudia kumchoma mtu.
Ndani yake sumaku; kutoka kwake waya
hadi kisanduku nilichokivika soksi
betri isife kwa baridi.

Maelezo yalisema: hakikisha nafasi.
Nikapitisha ufito wa kusafishia ndani ya tundu,
ukatokea mdomoni, ukapita juu ya ulimi
kwa unene wa penseli. Basi.
Risasi ikikosea hapo, haitakula plastiki peke yake.

Nyuzi tisa chini ya sifuri.
Machimbo ya kokoto ya Hietala,
nyuma ya kiwanda cha mbao kilichofungwa.
Siku hii nimeingoja.
Baruti ni kama watu wa kwetu Kainuu:
kukiwa na baridi, huitika shingo upande.

Risasi hizi ni za kaka yangu, Taisto.
Alizishindilia jikoni, mezani pa mama,
mzani wa shaba kati ya siagi na mkate wa shayiri,
akipima punje kwa punje,
akinifukuza nikipumua karibu.
Katika daftari lake la mistari ya buluu
aliandika: mita mia nane na ishirini kwa sekunde.
Hakuwahi kupima. Aliinakili kutoka kwenye kopo la baruti,
akaiamini kama mtu anavyoamini
urefu ulioandikwa katika pasipoti yake.

Ya kwanza: mia saba sabini na moja.
Nikakigonga kisanduku kwa ukucha.
Ya pili: sabini na nne.
Ya tatu, sitini na nane. Ya nne haikusomeka,
mkanda ulilegea, nikaukaza kwa meno.
Ya tano, sabini na moja tena.
Sikupiga ya sita.

Mwaka ule pia ilikuwa nyuzi tisa.
Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu,
nimelala kifudifudi ubavuni pake, darubini machoni,
ng'ambo yetu kinamasi cha Hiidensuo.
Nikasema: mita mia tatu na kumi.
Akapiga. Kulungu yule mkubwa wa pembe za beleshi
akapiga goti, akanyanyuka, akaingia msituni
mguu mmoja ukimfuata kama wa mtu mwingine.
Tulimwandama siku mbili.
Damu kwenye theluji nyembamba, kisha matone,
kisha theluji.
"Ulisoma vibaya," alisema usiku wa pili.
Hakurudia. Hakuhitaji.
Tangu hapo, miaka arobaini na mmoja,
mimi ni mpishi wa kambi
na darubini akapewa Pentti.

Leo nimepiga hesabu kwenye bahasha ya bili ya umeme,
glavu moja nimeivua:
kwa mwendo huu, kwa umbali ule,
risasi hushuka zaidi kwa upana wa kiganja.
Nikauweka mkono ubavuni mwangu mwenyewe.
Huku moyo. Huku mguu.
Mia tatu na kumi ilikuwa mia tatu na kumi.

Nilidhani ningepiga kelele.
Nilikwenda tu kuitazama shabaha.
Matundu yote matano yamekaa chini, kushoto;
uzito wa kifaa umeiinamisha kasiba.
Ukitaka kuujua mwendo, unapoteza mahali.
Taisto angecheka sana.

Jumapili nilikwenda Kajaani, kwenye nyumba ya wazee.
Siku hizi anatambua bunduki kuliko nyuso.
"Ile bado inakimbia mia nane na ishirini?"
Bahasha ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne.
Nikamfuta supu kidevuni.
"Inakimbia," nikasema. "Ila siku za baridi
huchelewa kidogo."

Akanitazama muda mrefu, kijiko hewani,
kama anayengoja mnyama atokeze
upande wa pili wa miti.
"Kiasi gani?" akauliza.