Muhtasari wa Kikao cha Jumanne

Duluth, Minnesota. Chumba cha chini cha kanisa.
Theluji imepanda hadi nusu ya madirisha.
Waliohudhuria: saba. Udhuru: Orville, goti.
Kahawa kaileta Ardis, nyepesi kama kawaida.

Ajenda ya kwanza. Serikali imeishtaki Tessavo
kwa kuhodhi soko: kuwa mlango, na bawabu wa mlango,
na mwenye duka lililo nyuma ya mlango.
Klabu ina hisa zake arobaini.

Wendell: tuuze, kabla jaji hajavaa miwani.
Lorna: faini? Kwa yule faini ni tozo ya daraja,
analipa, anavuka, anapandisha nauli.
Ardis, binti wa mchinjaji, akatua kikombe.
"Baba hakupata faida kwa ng'ombe mzima.
Paja kivyake, ulimi kivyake,
mkia kwa wapenda mchuzi.
Wamkate. Mafungu yatamzidi ng'ombe."
Tulicheka. Kisha tukapiga hesabu, na hatukucheka tena:
alikuwa sahihi.

Basi iandikwe: Tessavo ikishinda, tumepata;
ikishindwa, tumepata.
Hakuna aliyeuliza ni nani, sasa, atakayekosa.

Hapa katibu anaomba radhi, anatoka nje ya kumbukumbu.
Mkwe wangu Anselm alichonga makafi ya mtumbwi,
mti wa mwerezi, sita kwa wiki.
Wateja walimjia kupitia Tessavo
mpaka Tessavo ilipoanza kuuza makafi yake yenyewe,
na jina la Anselm likashuka ukurasa wa pili, wa tano,
kisha pale ambapo hata mama yake hamwoni.
Siku hizi anaendesha gari la kuzoa theluji, zamu ya usiku.
Yumo kwenye mashtaka. Kielelezo namba 214.
Mistari minne.

Sikulisema hilo. Lilikaa mdomoni kama kokwa.
Katika zile arobaini, tano ni zangu,
na hizo tano ndizo karo ya mjukuu wangu,
binti wa huyo huyo Anselm.
Mla ni mla leo, wanasema;
hawasemi sahani ni ya nani.

Kura. Kuuza: wawili. Kushikilia: wanne.
Mkono wa katibu uliinuka nusu,
ukahesabiwa wa tano.

Kikao kilifungwa saa tatu usiku.
Gari la theluji likapita barabarani,
taa yake ya manjano ikazunguka ukutani, juu ya nyuso zetu,
mara moja, mara mbili.

Mengineyo: hakuna.