Kofi la Tatu

Mtangazaji kasema tena Jumapili hii,
kwa ile sauti yake ya asali na uvivu,
kwamba Wasonga aliutunga wimbo ule
kwa ajili ya msichana aliyepanda meli kwenda Port Bell
asirudi.
Nilikuwa nachambua maharagwe.
Nilicheka hadi ungo ukapinduka.

Msichana gani? Meli ipi?
Mpenzi wa wimbo ule alikuwa na kipara
na nyumba sita za kupangisha pale Kaloleni.
Jina lake Mzee Faraj.
Kodi ya miezi minne haijalipwa,
akaja alfajiri na kufuli kubwa kama kobe,
akaifunga stoo:
gitaa ndani, ngoma ndani, tarumbeta ndani,
na koti jeupe la Wasonga
lenye vifungo vya dhahabu ya uongo.

Usiku huo Wasonga, kalewa kidogo, si sana,
alisimama mlangoni pa mzee akaimba:

*Funguo unazo wewe, nami huku nimeganda,
kilicho changu nipewe, hata kucha sitakwenda.*

Mzee alizima taa.

Jumatano wakaingia kurekodi
chumba cha nyuma, duka la santuri la Jethwa,
kuta zimevishwa magunia ya kahawa
na godoro la hospitali lenye mhuri.
Gitaa la kuazima, la kanisa,
lirudi kabla ya ibada ya jioni.
Ambani mpiga ngoma ameketi, vijiti mkononi,
hana cha kupiga ila goti lake.

Mimi nilileta chakula tu.
Miaka kumi na mitano, sufuria kichwani,
mtoto wa Mama Khasoa wa nyoyo na chai.
Wasonga akanitazama:
"Wewe, una mikono?"
Nikasema ninayo, miwili.

Kofi.
Kofi.
La tatu likachelewa,
maana niligeuka kuutazama mlango:
nilikuwa nimeacha maharagwe ya mama motoni.
Nikaogopa kujisahihisha.
Nikachelewa vivyo hivyo, kila mara, hadi mwisho.
Malipo: soda ya machungwa na shilingi tatu.

Jethwa alikuwa na ubao mweusi nje ya duka,
nyimbo kumi kwa chaki, kila Jumamosi.
Wetu ulianza wa tisa.
Ukapanda wa nne.
Kisha ukaketi juu wiki kumi na tatu,
hata akaacha kulifuta jina,
likashika ubaoni kama chokaa.
Watu walitoka Nakuru na Busia kuitafuta santuri.
Bendi moja ya Nairobi ilitaka kofi lile lile,
ikaajiri watu wanaojua kupiga makofi.
Kofi likafika kwa wakati.
Likafika maiti.

Mzee Faraj alinunua nakala. Gramafoni hakuwa nayo.
Alipita akidai kodi, mlango kwa mlango,
akiuvumisha puani wimbo aliotungiwa.
Alipolipwa alifungua.
Panya walikuwa wameila ngozi ya ngoma,
na paka kazalia ndani ya koti jeupe.

Nilimuuliza Wasonga, miaka baadaye,
kwa nini huwaambii watu?
Akasema: "Nani atafungia ndoa kodi ya nyumba?"
Wakamzika Ugenya na msichana wake wa meli.

Mwaka jana mjukuu wangu kaolewa, ukumbi wa Mamboleo,
wakauweka. Wote wakainuka.
Vidole vyangu siku hizi vina baridi yabisi,
havikunjuki mpaka vibembelezwe.
Nikapiga: moja, mbili,
na mtoto wa mezani kwetu akanivuta kanga,
"Kukhu, unachelewa."

Nikamwambia asikilize santuri.
Akasikiliza, kichwa upande, kama kuku anayesikia mvua.
Sijui kama alisikia.

Maharagwe ya mama, kwa wanaouliza,
yaliungua.