Faharasa Haipo

Jesenice, Januari. Theluji imegeuka tope jeusi
kwenye ngazi za ofisi ya zamani ya chuma,
na Marjeta Klinar ananipokea bila salamu:
"Elfu nne, mia mbili na kumi na tisa.
Jana zilikuwepo. Leo sifuri."

Kwenye skrini, kisanduku cha kijivu,
sentensi isiyo na huruma wala hasira:
Faharasa ya folda haipo.
Kitufe ni kimoja. Sawa.
"Sawa nini?" Amekibonyeza mara thelathini.

Programu hii ni rika la mwanangu wa kwanza.
Waliyoiunda wameshaitupa; kiwanda hakijaitupa,
kama kisivyolitupa lile birika la kahawa linalovuja.

Namweleza: barua hazijaenda popote.
Zimelala zote ndani ya faili moja,
mkia wa hii kichwani mwa ile.
Aliyekufa ni karani,
yule aliyejua ipi inaanzia wapi.
"Karani hapa ni mimi," anasema, "na sijafa."

Nafunga programu. Nakala kwanza:
asiyeweka nakala huweka matanga.
Faharasa mbovu naipa jina jingine,
siifuti, ubovu nao ni ushahidi,
nafungua tena, naiacha mashine ihesabu.

Inahesabu kama mtu anayepapasa funguo gizani.
Mia moja. Mia nne. Inasita. Feni inakoroma.
Nje, treni ya mizigo inaingia handakini,
behewa kwa behewa,
na Marjeta anahesabu hayo badala yake.

Kisha zinarudi, zote kwa herufi nzito,
zote "hazijasomwa", hata alizozijibu,
na, hili nilisahau kumwonya,
hata alizozifuta.
Maana humu kufuta ni karani kuruka mstari tu;
karani mpya hajui pa kuruka.

Elfu nne, mia sita na mbili.
Zimezidi.

Anafungua ya Silvo wa idara ya waya,
Machi, mwaka ule programu ilipofungwa humu:
"Nimekuwekea kiti upande wa dirisha.
Supu leo ni ya maharage."
Basi. Hakuna zaidi.
Anaisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

Namwonyesha: futa tena, kisha bana folda,
hapo zitakwenda kweli,
hakuna karani atakayezirudisha.
"Jumatatu," anasema.
Leo ni Jumanne.

Naandika kwenye ankara: nusu saa,
faharasa imejengwa upya.
Kwenye safu ya hitilafu zilizobaki
kalamu inasita,
napiga kistari.