Kutoka Moja Mpaka Kumi

Umenipigia niko juu ya tangi, Leokadia,
mkono mmoja umeshika koki, mwingine simu.
Unauliza, kwa sauti ile ya watu wa kiyoyozi,
miezi mitatu tangu nikabidhiwe pikapu,
kutoka moja mpaka kumi nimeridhika kiasi gani.

Subiri nishuke.

Andika kwanza: linapanda.
Kile kilima cha Goba, masika haya haya,
wenye mashangingi wameegesha chini, wamekunja suruali,
mimi nimebeba mabomba kumi na nane,
pampu ya nguvu za farasi wawili,
Chonya na mwenzake nyuma wamekalia bunda la waya.
Nikazungusha kile kitufe cha magurudumu yote manne,
likapanda kama mtu anayekwenda kudai chake.

Andika: breki. Andika: halinywi sana,
ingawa mliniambia kilomita kumi na tatu kwa lita
na mimi napata kumi na moja.
Hilo tutaongea siku nyingine,
usiliandike kama ugomvi.

Tundu la chupa ya maji halipokei chupa kubwa. Andika.
Kiti cha nyuma kimenyooka mno, mama anasema
kinamkalisha kama yuko kizimbani.
Lakini hashuki.
Jumapili kavaa kitenge kipya, nimpeleke Kibada,
kwa dada yake ambaye hawasalimiani tangu mwaka wa mazishi,
ili tu lile geti lifunguliwe
namba E iingie kinyumenyume, polepole,
majirani wapate muda.

Na nailoni za vitini sijazitoa.
Najua. Chonya ananicheka.
Zinanata jasho, zinalia kila nikigeuka.
Lakini miaka kumi na mmoja nimeendesha kitu
kilichozeekea mikononi mwa mtu mwingine:
nilirithi harufu ya sigara zake, bonde la makalio yake,
na chini ya zulia sarafu moja yenye tundu katikati.
Hili nimelikuta na kilomita sita. Sita tu,
za kutoka melini hadi yadi, nadhani.
Zilizobaki zote ni zangu.
Na deni ni langu: benki inakata tarehe ishirini na tano,
watu wachimbe visima, wasichimbe.

Sasa hili usiandike. Au andika, sijui.

Lile la zamani, kila nikiwasha,
kulikuwa na mwanamke anasema Kijapani ndani ya dashibodi.
Sentensi moja, ile ile,
laini, kama ya mtu wa mapokezi hospitalini.
Mafundi waliniambia anaomba kadi,
kadi ya kulipia barabara za kwao.
Mimi kadi sina. Nilimjibu, "Marahaba."
Saa kumi na moja alfajiri, Kivule, umeme umekatika,
mbwa wa jirani hajaamua kama abweke:
Marahaba, mwanangu. Twende.

Nimemuuzia Mbwambo, yule wa pumba za kuku, Mbande.
Juzi kwenye foleni ya Rangi Tatu likazimika mbele yangu,
akaliwasha tena, vioo viko wazi,
nikamsikia.
Mbwambo hata hakumjibu.

Hili lenu likiwaka halisemi kitu.
Taa zinajipanga, zinazimika, kimya,
kama kijana aliyelelewa vizuri
na ambaye bado hamjazoeana.

Andika tisa, Leokadia.
Hapana, hakuna ubovu. Usimwite meneja.
Andika tisa, na pale kwenye maoni
sema mteja anasema linapanda.

Ngoja, ngoja. Koki hiyo. Chonya!
Maji yametoka, nimelowa mpaka simu.